Winning Eleven: Gemu la Kijapani lililofundisha soka Masasi na Newala

HAKUNA aliyekuwa anajua Kijapani. Menyu nzima ilikuwa imejaa herufi ambazo hata mwalimu wa Kiingereza asingeambulia kitu, lakini dogo wa darasa la tano alishika pedi, akashuka mistari miwili, akabonyeza, akashuka mmoja tena, na timu zikaingia uwanjani. Alikuwa amekariri kama anavyokariri njia ya kwenda kisimani.

Kwa vijana waliokulia Mkuti na Jida pale Masasi, au Luchingu kule Newala, miaka ya 2000, hiyo ndo ilikuwa shule ya kwanza ya mbinu za soka. Hakukuwa na akademi wala kocha mwenye leseni. Kulikuwa na chumba kimoja chenye joto, TV ya chogo, benchi la mbao, mashine ya PlayStation na CD ya Winning Eleven iliyokwaruzika hadi ikawa kama imepitishwa kwenye msasa.

Leo vibanda vya aina hiyo vinahesabika. Gemu limehamia kwenye simu, na jina lenyewe la Winning Eleven limeshafutwa sokoni na wenyewe walioliunda. Kabla halijafutika na vichwani, historia yake inafaa kusimuliwa, kwa sababu ni historia ya soka la vijana wa kusini pia.

1994: TV BARA, PLAYSTATION JAPANI

Kuna jambo moja la kushangaza kidogo. Tanzania Bara ilianza kuwa na vituo vya televisheni mwaka 1994. Zanzibar ilikuwa imeshatangulia tangu miaka ya 1970, lakini Bara watu walikuwa bado wanakesha na redio. Mwaka huohuo wa 1994, Desemba 3, kampuni ya Sony ilianza kuuza PlayStation kule Japani.

Kwa hiyo wakati mzee wa Masasi anasikia kwamba Dar es Salaam sasa kuna picha zinazotembea, mtoto wa Tokyo alikuwa tayari anaiamuru picha itembee anavyotaka. Pengo lilikuwa kubwa. Ila soka lina tabia ya kufupisha mapengo.

Magemu ya soka yenyewe yalikuwepo kabla ya hapo. Mwaka 1983 kulikuwa na International Soccer kwenye kompyuta ya Commodore 64. Mwaka 1989 Dino Dini akaleta Kick Off, gemu la kasi ambalo mpira haukuganda mguuni kama gundi. Mwaka 1992 Waingereza wakaja na Sensible Soccer, wachezaji wadogo kama sisimizi wakionekana kutoka juu. Desemba 1993 EA Sports wakazindua FIFA International Soccer, lenye nembo ya FIFA lakini wachezaji wake wote wakiwa na majina ya kubuni. Majina ya kweli yalianza kuingia kwenye FIFA 96.

Magemu hayo mengi ya mwanzo yalikuwa ya kompyuta za nyumbani Ulaya. Vibanda vya uswahilini Tanzania havikuanzia huko. Vilishika kasi PlayStation ilipokuja, na PlayStation ilipokuja, Winning ndiyo iliyotawala.

MAFUNDI WA MASANDUKU YA MUZIKI

Kampuni iliyotengeneza Winning Eleven ni Konami. Ilianzishwa Osaka mwaka 1969 na Kagemasa Kozuki, na kazi yake ya kwanza haikuwa magemu. Ilikuwa kukodisha na kutengeneza yale masanduku ya muziki ya baa, unatia sarafu linapiga wimbo. Yaani walianza kama mafundi redio wa stendi, halafu wakajikuta wanatengeneza gemu linalochezwa dunia nzima.

Mwaka 1993 Japani walianzisha ligi yao ya kulipwa, J.League. Mechi ya ufunguzi ilipigwa Mei 15 kwenye Uwanja wa Taifa wa Tokyo, Verdy Kawasaki na Yokohama Marinos, Marinos wakashinda mabao 2-1. Nchi nzima ikapagawa na soka. Konami wakaona fursa.

Kikosi chao cha Osaka kikatoa International Superstar Soccer mwaka 1994 kwa mashine ya Super Nintendo. Humo ndimo alimokuwemo Allejo, straika wa Brazil ambaye hajawahi kuzaliwa lakini mashabiki wa Amerika Kusini wanamkumbuka kama vile walimwona kwa macho. Kikosi kingine cha Konami, cha Tokyo, kikapewa PlayStation. Julai 21, 1995 kikatoa gemu la timu za J.League peke yake, likaitwa Winning Eleven.

Toleo lililofuata likaingiza timu za taifa. Mwaka 1998, msimu wa Kombe la Dunia la Ufaransa, ikaja Winning Eleven 3. Ulaya waliliita ISS Pro 98. Mwaka 1999 ikaja Winning Eleven 4 na Master League, ambapo unachukua klabu, unacheza, unakusanya pointi, unanunua wachezaji. Mwaka 2001 gemu likahamia PlayStation 2: Wajapani wakaendelea kuliita Winning Eleven, Ulaya wakalipa jina jipya la Pro Evolution Soccer, kwa kifupi PES. Nyuma ya kazi hiyo kwa miaka mingi alikuwa Shingo Takatsuka, mwenye jina la utani la Seabass.

Ndo maana hadi leo kwenye benchi moja unakuta mmoja anasema Winning, mwingine anasema PES, na wote wanazungumzia kitu kilekile.

SAFARI YA KUVUKA RUFIJI

Kutoka Kariakoo hadi Masasi si karibu, na zamani ilikuwa mbali zaidi. Kabla ya 2003, basi la kusini lilikuwa linategemea kivuko cha Mto Rufiji. Mvua za masika zikishuka, mto unajaa, barabara inakuwa uji, na mikoa ya Lindi na Mtwara inakatika na nchi. Bidhaa zilikuwa zinachelewa, na zikifika zinakuwa na bei ya kuchelewa.

Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Aliyelifungua ni Rais Benjamin Mkapa mwenyewe, mtoto wa Lupaso, Masasi. Watu wanalikumbuka kwa malori ya korosho na mabasi, lakini kwenye buti za mabasi hayo kulikuwa pia na maboksi ya mashine zilizotumika, pedi, waya na CD za kunakili. Mashine ikishafika Masasi mjini, ilibaki kupandisha Newala.

Masasi iko chini, imezungukwa na milima ya mawe iliyochomoza kama vichwa vya ndovu. Newala iko juu, ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde, pale Shimo la Mungu ambapo ukisimama unaona bonde la Ruvuma hadi upande wa Msumbiji. Barabara kati ya miji hiyo miwili kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi, na TV ya chogo haipendi barabara ya vumbi. Kuifikisha nzima ilikuwa kipaji.

Ikifika, kazi haijaisha. CD za Japani zilitengenezwa kwa mfumo wa picha wa NTSC, wakati TV za Tanzania ni za mfumo wa PAL. TV isiyokubali mifumo yote miwili ilikuwa inaonyesha gemu kwa nyeusi na nyeupe. Kuna madogo wameifahamu jezi ya njano ya Brazil kama kijivu cheupe na nyekundu ya Uingereza kama kijivu cheusi. Timu zikifanana rangi, mnaangalia nani anakimbia kuelekea wapi.

Na mashine ikizeeka, ile taa inayosoma CD inachoka. Dawa yake ilijulikana dunia nzima, na kusini pia: unaipindua mashine chini juu, miguu inaangalia dari, halafu unawasha. Ikisoma, kimya. Hakuna kuigusa meza.

FEDHA YA KOROSHO, FEDHA YA PEDI

Kibanda cha gemu ni biashara ndogo, na biashara yoyote ndogo ya Masasi na Newala inapumua kwa korosho. Msimu unaanza Oktoba. Wakulima wanapeleka mzigo kwenye vyama vya msingi, unaingia ghalani kwa mfumo wa stakabadhi, minada inapigwa kupitia vyama vikuu, MAMCU kwa Masasi na TANECU kwa Newala na Tandahimba. Fedha ikiingia, mji unachangamka. Baba ananunua bati, mama ananunua kitenge, na mtoto anapewa sarafu ya kwenda dukani ambayo haifiki dukani.

Bei ilikuwa ya kawaida, mia, mia mbili, baadaye mia tatu kwa mechi. Sheria kuu ilikuwa moja: anayefungwa ndiye analipa na anapisha. Anayeshinda anabaki kitini. Hii maana yake fundi wa kweli angeweza kucheza mchana kutwa kwa shilingi mia, wakati mbovu anamaliza hela ya sukari nusu saa.

Usidharau sheria hiyo. Iliwafanya watoto wajifunze kulinda bao. Ukiwa na mia moja tu mfukoni na unaongoza 1-0 dakika ya 80, huchezi na jukwaa. Unarudisha viungo nyuma, unapiga pasi fupi, unamaliza muda. Ni akili hiyohiyo timu za ligi kuu zinazoitumia ugenini, wengine wakaiita kupaki basi.

Masika fedha ikikauka, benchi linakuwa na watazamaji wengi kuliko wachezaji. Ndo hapo biashara ilipokuwa inaonja joto la jiwe. Mwaka 2018, Serikali iliponunua korosho yenyewe kwa Sh3,300 kwa kilo na malipo ya wakulima wengi yakachelewa, mzunguko wa fedha kusini ulisinyaa. Kibanda cha gemu si kitu ambacho mtu anakilipia wakati daftari la deni liko dukani.

Halafu kuna umeme. Unaongoza 2-1, imebaki dakika tano, giza. Kila kibanda kilikuwa na katiba yake: kwingine mnarudia mechi umeme ukirudi, kwingine hela imekwenda. Ugomvi wa kusini wa miaka ile mwingi ulianzia hapo.

SOMO LA MISHALE

Kwa nini Winning na si FIFA? Mashabiki wa FIFA watanuna, lakini majibu yako kwenye mguu.

FIFA ya miaka ile ilikuwa na majina, nembo na muziki. Winning ilikuwa na mpira. Mpira ulikuwa na uzito wake, ulitoka mguuni, uligonga beki ukaenda usikotarajia. Mchezaji mzito aligeuka taratibu kama lori, mwepesi aligeuka kama pikipiki. Ukikimbia muda wote, mchezaji anachoka kweli, na dakika ya 85 anashindwa kumfikia mtu.

Vitufe vilikuwa somo tosha. X ni pasi fupi. Duara ni mpira mrefu au krosi. Mraba ni shuti. Pembetatu ni ile pasi ya kupenyeza, unaupeleka mpira mahali ambapo mwenzako hajafika bado. Kitufe hicho kimoja kiliwafundisha watoto jambo ambalo kocha wa shule ya msingi angelieleza mwaka mzima bila kueleweka: usimpe mwenzako mpira mguuni, mpe nafasi iliyo mbele yake.

Kuna mishale pia. Kabla ya mechi, kila mchezaji alikuwa na mshale wa hali yake. Mwekundu umeangalia juu, huyo amewaka. Wa kijani umelala, yuko kawaida. Wa kijivu umeangalia chini, hata kama ni Ronaldo, mweke benchi. Dogo anayepangia kikosi kwa mishale ameshaelewa kwamba jina halichezi. Kuna makocha wakubwa wamefukuzwa kazi kwa kutoelewa hilo.

Kwenye matoleo ya PlayStation ya kwanza uwezo wa mchezaji ulipimwa kwa namba. Hapo ndipo alipozaliwa upya Tijani Babangida, winga wa Nigeria na Ajax. Kwenye TV za kweli alikuwa mchezaji mzuri. Kwenye Winning alikuwa radi. Unampa mpira kulia, unashikilia kitufe cha kukimbia, basi, mabeki wanabaki kusoma namba ya mgongoni. Vibandani duniani kote watu walifikia hatua ya kukubaliana kabla ya mechi: Nigeria hairuhusiwi.

Baadaye kwenye PES 6 ya mwaka 2006, zamu ikawa ya Adriano wa Inter Milan. Nguvu ya shuti lake ilikuwa 99, mwisho wa kipimo. Umbali haukuwa na maana. Kipa alikuwa anaruka kwa heshima tu.

Sauti yake pia haisahauliki. Mtangazaji wa toleo la Kijapani, Jon Kabira, alikuwa akivuta neno gooo hadi pumzi inaisha. Watoto wa uwandani walimwiga bila kujua hata neno moja katika mengine yote aliyokuwa anasema.

LARCOS, ORANGES NA TIMU ZISIZO NA MAJINA

Konami walikuwa na udhaifu mmoja mkubwa, na ndio uliowapa mashabiki wao kicheko cha maisha. Hawakuwa na haki za majina mengi. FIFA walikuwa wameshika leseni, Konami wakabaki kupindapinda herufi.

Roberto Carlos akawa Roberto Larcos. Wachezaji wa Uholanzi kwenye matoleo fulani wakapoteza majina kabisa, wote wakaitwa Oranges na namba nyuma yake, kama wafungwa. Chelsea ikawa London FC, Liverpool ikawa Merseyside Red. Mtoto aliyejifunza ramani ya Uingereza kwa Winning alijua timu kwa rangi ya jezi na kipara cha kiungo.

Na kwenye Master League ulianza na kikosi cha watu ambao hawapo popote duniani: kipa Ivarov, kiungo Minanda, mawinga na mastraika wakina Ximelez, Espimas na Castolo. Walikuwa wabovu. Ulianza nao, ukafungwa nao, ukawauza mmoja mmoja kadiri ulivyopata pointi. Lakini waulize waliocheza. Wanamkumbuka Castolo kuliko nyota wengi waliomnunua baadaye, kwa sababu Castolo alikuwepo wakati wa shida.

TANZANIA HAIPO KWENYE ORODHA

Hapa ndipo penye maumivu. Ukishuka orodha ya timu za Afrika ulikuta Nigeria, Kameruni, Afrika Kusini. Baadaye wakaingia wengine. Tanzania haikuwemo. Simba na Yanga hazikuwemo. Dogo wa Newala alikuwa anaweza kuwa Brazil, Argentina au Japani. Hakuweza kuwa yeye mwenyewe.

Ilikuwa na sababu zake. Taifa Stars ilicheza fainali za Afrika mwaka 1980 Nigeria, kisha ikasubiri hadi 2019 Misri, miaka 39. Watengeneza gemu wanafuata wanaofuzu na wanaouza. Kusini yenyewe ilisubiri pia: Ndanda ya Mtwara ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014 na ikakaa humo hadi 2020, na Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi, ikapanda mwaka 2019. Kabla ya hapo vijana wa vibandani walikuwa wanazijua klabu za Serie A kuliko timu yoyote ya ligi kuu iliyo jirani nao.

Dawa ilikuwa ni ile sehemu ya kuhariri. Winning iliruhusu kubadili majina na jezi. Unachukua timu isiyopendwa na mtu, unaipaka nyekundu, unaiandika Simba. Nyingine njano na kijani, Yanga. Unaandika jina la rafiki yako mgongoni mwa namba 9 na kumpa kasi 99, hata kama uwanjani anakimbia kama amebeba ndoo. Kazi ya jioni nzima, herufi moja moja, halafu inahifadhiwa kwenye memori kadi.

Mlango wa kweli ulifunguka kwa Mbwana Samatta. Alitoka TP Mazembe akaenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na kwa kuwa ligi ya Ubelgiji ilikuwemo kwenye FIFA 17, Mtanzania akawa anachagulika kwenye orodha bila kuandikwa na mtu kwa mkono. Januari 2020 akaenda Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, akafunga kwenye mechi yake ya kwanza ya ligi dhidi ya Bournemouth. Miezi ile kulikuwa na watu wanachukua Aston Villa kwenye gemu kwa sababu ya mtu mmoja tu.

Ni jambo dogo kwa anayetazama kutoka mbali. Kwa kijana ambaye ameandika Simba kwa mkono miaka kumi, si dogo.

GEMU SI KAMARI

Wazazi wa Masasi na Newala hawakuwahi kuvipenda vibanda, na walikuwa na hoja. Mtoto anatumwa maji, na juu ya uwanda wa Makonde maji ni kitu cha thamani, watu wa Newala walishuka na kupanda miteremko vizazi na vizazi kwa ajili ya ndoo. Sasa ndoo inakutwa tupu nje ya kibanda na mwenyewe yuko ndani anapiga penalti. Fimbo iliyofuata haikuwa ya uonevu.

Shule nayo ilikuwa na hoja. Asubuhi kibanda kikiwa wazi, kuna dawati liko wazi darasani. Wenye vibanda waliodumu ni wale walioelewa hilo mapema: hakuna sare ya shule ndani, hakuna kufungua kabla ya saa nane mchana.

Lakini kuna kosa ambalo hadi leo linafanyika, la kukichanganya kibanda cha gemu na mashine za kamari, zile za kutumbukiza sarafu ambazo mitaani zinaitwa dubwi. Kamari ina sheria yake ya mwaka 2003 na bodi yake, na chini ya miaka 18 ni marufuku. Pale kwenye dubwi, aliyekaa anaichangia mashine na mashine haifundishiki. Kwenye Winning, aliyefungwa jana anaweza kushinda leo kwa sababu amejua kosa lake. Tofauti hiyo ni kubwa, na inafaa watendaji wa mitaa waijue kabla ya kubeba TV ya mtu.

SIMU IMELIMALIZA BENCHI

PlayStation 2 ilikuja kuwa mashine iliyouzwa kuliko zote duniani, zaidi ya milioni 155. Sony waliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, lakini magemu yake yaliendelea kidogo: FIFA 14 na PES 2014 yote yalitoka kwa mashine hiyo. Baada ya hapo kimya. Vibanda vya uwandani viliendelea kula akiba, msimu wa 2013/14 ukiganda kwenye TV kama saa iliyokufa betri. Wachezaji wameshahama, kwenye benchi bado wako palepale.

Julai 2021 Konami wakatangaza kwamba PES inakufa na badala yake inakuja eFootball, gemu la bure. Lilipotoka Septemba mwaka huo lilipokewa vibaya, nyuso za wachezaji zikageuzwa kichekesho cha dunia. Wapinzani wao nao wakaachana na FIFA: FIFA 23 ndilo la mwisho, na mwaka 2023 likaja EA Sports FC 24.

Bure hiyo ina bei yake. Gemu jipya linataka intaneti, linataka bando, linataka simu yenye nafasi. Kijana wa leo wa Masasi anacheza kitandani, peke yake, na mtu wa mbali asiyemjua. Akifungwa hakuna anayemcheka, akishinda hakuna anayemtania njia nzima hadi nyumbani. Wapo vijana wa Kitanzania wanaoweka jezi za Simba na Yanga kwenye Dream League Soccer au kwenye PES za kuchezea simu, na kazi yao ni nzuri kinoma. Ila benchi limeondoka, na benchi ndilo lililokuwa linafundisha: yule anayesubiri zamu, ndiye aliyekuwa anaona kosa lako kabla yako.

Kuna jingine. CD ya Winning Eleven ya mwaka 1999 ukiipata leo, na mashine ikakubali hata kwa kupinduliwa, itacheza. Haiombi ruhusa kwa mtu. Gemu la intaneti siku wenyewe wakizima mitambo yao, limekwisha, hata kama ulilicheza miaka kumi.

KILICHOBAKI KWENYE KADI

Memori kadi ya PlayStation ya kwanza ilikuwa na nafasi ya kilobaiti 128, imegawanywa vyumba 15. Picha moja ya simu ya leo haiingii humo. Lakini humo ndimo zilimokaa ligi nzima za mitaa, Simba za kuandikwa kwa mkono, Yanga za rangi ya kukadiria, na marafiki waliopewa kasi ya mwisho wa kipimo.

Nyingi zimeshapotea. Mashine iliuzwa, kadi ikaenda nayo. Kibanda kilifungwa, kadi ikabaki kwenye droo yenye unyevu. Aliyeandika majina ameshakuwa mkulima wa korosho, dereva wa bodaboda au askari mkoa mwingine, na hajui kama kazi yake bado ipo.

Uwanja wa Taifa pale Dar es Salaam sasa unaitwa Benjamin Mkapa, kwa heshima ya yule mtoto wa Lupaso aliyefariki Julai 2020. Timu kubwa za Afrika zinakuja kufungwa hapo. Siku gemu kubwa la dunia litakapouweka uwanja huo kwenye orodha yake, kijana wa Masasi atauchagua bila kuuliza, awe na pedi au simu.

Hadi siku hiyo, mwenye memori kadi ya zamani asiitupe. Anaweza kuwa ameshikilia timu ya kwanza ya Tanzania iliyowahi kuingia kwenye Winning Eleven.